Mguu Uliobaki wa Mzee Ekidor Lokwawi

Ndugu waombolezaji, wazee, akina mama na majirani wa Bulla Pesa, familia inawaomba mtege sikio kidogo, kwa maana aliyelala hapa mbele yetu hakupenda habari zake zipunguzwe, na zaidi sana habari za mguu wake.

Mzee Ekidor Lokwawi alizaliwa Kipsing, mwaka ambao kipande chake cha utambulisho kinasema ni 1931 na mama yake alisema tu ni mwaka wa ukame. Utotoni hakuona mlango wa shule, shule yake ilikuwa mbuzi, na mwaka wa 1952 akaanza kazi ya kuswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kwa miguu kutoka Merti hadi Isiolo, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita bila kupoteza ndama hata mmoja, au ndivyo alivyodai. Alimwoa Nakaale kimila mwaka wa 1957, wakafunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1969, na Mungu akawajalia watoto watano, kifungua mimba akiwa Bedan.

Tarehe 14 Machi 1978, karibu na Korbesa, mwiba wa mgunga ulipenya akala yake ya kushoto, ndara ya tairi, akatembea nao siku mbili bila kujua, na wenzake walipouona wakamfanyia kama wanavyomfanyia ng'ombe, wakapasha chuma moto na kukichoma kidonda. Ekidor hakukunja hata uso, wakamwimbia wimbo wa fahali wake, ambao kwetu ni sifa ya shujaa, njia nzima, naye akavimba kichwa. Lakini kidonda kilikaa miezi mitatu kikinuka, na hospitalini daktari alipomdunga unyayo kwa sindano naye akaendelea kupiga soga, ndipo ikajulikana kwamba ule haukuwa ujasiri, ulikuwa ugonjwa wa sukari, ambao huua hisia za mguu, huziba mishipa midogo ya damu na kukiacha kidonda bila nguvu ya kufunga. Tarehe 9 Julai 1978 mguu huo ulikatwa chini ya goti, na daktari akamwonya kwamba wengi hupoteza na wa pili kabla ya miaka mitano.

Hapo ndipo tulipomjua mwanamume. Aliacha sukari kwenye chai, jambo ambalo katika mji huu ni sawa na kuhama kabila, akatupa akala na kuvaa kiatu cha kufunika, akaingia ngumbaru, darasa la watu wazima, mwaka wa 1979 ili asome mwenyewe karatasi za hospitali, na kila asubuhi Nakaale aliukagua mguu wa kulia kwa kiganja, kidole kwa kidole, kabla ya chai kumiminwa. Kwenye lango la soko la mifugo, alikokuwa bawabu, hakumsalimia mtu kabla ya kumwambia avue kiatu aone unyayo, watu wakamcheka wakimwita Daktari wa Nyayo, na baadhi ya waliocheka wamesimama hapa leo kwa miguu miwili.

Tarehe 3 Februari 1986 Nakaale alikuta lengelenge chini ya kidole kidogo, na wazee wa ukoo wakafika na chuma chao, wakisema anayeogopa moto si mtoto wa Lokwawi. Akawajibu, "Moto nilishapatia mguu moja, hii ingine hapana," akaenda hospitali siku ile ile, akakaa wiki tisa bila kuukanyagia, na kidonda kikafunga.

Mwaka jana sukari ilihamia kwenye figo, na Jumanne tarehe 17 Mei 1988, saa nne asubuhi, akatutoka. Nakaale alipofika wodini aliinua shuka, akaukagua mguu ule kidole kwa kidole, hakukuta hata mchubuko, akaufunika, na hapo ndipo akalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji siku hizi zote, na wenzake wa sokoni waliombeba hadi hapa. Mzee Ekidor, safari umeimaliza, Mungu akupumzishe.