Mama Spana na Nafasi ya Saba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtambuzi mkuu wa vifaa katika makumbusho yetu ya magari ya kale atakabidhi funguo za stoo na kustaafu. Jina lake limo kwenye faili. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Spana.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Wiki ya pili alikutwa stoo, amekaa sakafuni, akitenga spana zilizouzwa pamoja na magari na zile za mafundi wa mitaani. Hakurudi tena kwenye mashine yake. Tangu hapo ametambua vifaa zaidi ya elfu nne. Hupaka chaki kwenye mpini, akaifuta kwa kidole, na herufi zilizofifia zikajitokeza. Wageni wengi walioleta kwa majivuno spana ya gari la babu waliondoka wakijua kwamba babu alikuwa na plau la kukokotwa na ng'ombe tu. Wengine walinuna.

Jambo moja lilimkosesha raha. Gari letu kongwe kuliko yote lina mfuko wa turubai wenye nafasi nane za spana, na ya saba ilikuwa tupu. Aliapa kutostaafu kabla ya kuijaza. Kwa karibu miaka thelathini likizo zake ziliishia kwenye gereji za watu, mumewe akimsubiri nje na mwavuli.

Mwezi uliopita koki ya bustani ilikwama, akaenda kumsaidia mtunza bustani. Spana aliyopewa ilikuwa na rangi tabaka tatu. Aliikwangua, akapaka chaki, akaketi pale pale kwenye tope. Ndiyo yenyewe! Na aliyeitoa stoo, kwa kuandika daftarini kwamba ni ya pampu ya maji, alikuwa yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mkurugenzi alipendekeza tuseme tu kwamba spana imepatikana; Mama alikataa katakata. Aliitisha kikao, akatusomea kosa lake, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kadi iliyo kando ya mfuko sasa inaeleza nani aliikataa spana hiyo na nani aliitunza. Mtunza bustani alilalamika kwamba ikichukuliwa, maua atayamwagilia kwa mate. Hata hivyo ndiye aliyepewa heshima ya kuiingiza kwenye nafasi ya saba. Tulishangilia mpaka walinzi wakaja mbio.

Kesho yake Mama alitoa agizo lake la mwisho: utambuzi wote uandikwe kwa penseli, na aliyeandika aweke sahihi. Mimi ninayerithi meza yake nimekuta juu yake boksi zima la penseli, zote zimechongwa.

Asante, Mama. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, uzeeke taratibu. Huku tutakosea, tutafuta, tutaandika upya, na majina yetu tutayaacha chini ya tulichoandika.