Karanga Nilizomlisha Riziki kwa Jina la Yesu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni tena, maana mimi niliyesimama mbele yenu nilistahili kusimama mbele ya hakimu. Leo sina wimbo wa kutanguliza. Nikianza kuimba nitapata pa kujificha, na nimekuja kusema.

Mnanijua. Mimi ndiye Mama Feza, ninayewapikia watoto wa ekodim, masomo yetu ya Jumapili, kila Noeli. Shamba langu la karanga liko njia ya Lusangi. Kila mwaka nilikuwa nachagua karanga zilizo nzuri, nakaanga, natwanga na sukari, naviringa matonge makubwa kama yai la bata. Watoto wa Kasongo walikuwa wanayalilia! Hata majirani zetu Waislamu waliniuliza Noeli itaangukia siku gani, na tarehe wanaijua vizuri kabisa. Nami nikajiona kitu. Nilisema moyoni kwamba bila mkono wangu hakuna Noeli hapa.

Ndipo akahamia kwetu Mama Riziki kutoka Kabambare, na mumewe fundi baiskeli, na binti yao mmoja, Riziki, mtoto wa miaka mitano. Noeli yao ya kwanza nilipita na sinia. Riziki akanyoosha mkono. Mama yake akaushika ule mkono, akaurudisha, akafungua jani la mgomba na kumpa mtoto kiazi cha kuchemsha alichotoka nacho nyumbani.

Ndugu zangu, kwetu hapa mtu akija karamuni na chakula chake, anamwambia mpishi nini? Anamwambia, wewe mulozi, mchawi! Niliwaka. Nikamuuliza palepale, akina mama wote wakisikia.

"Mama, unaniogopa? Niliweka sumu?"

"Hapana, mama yangu. Karanga inamukatala huyu mutoto. Akikula anavimba, pumuzi inakatika."

"Kumbe iko mwiko ya ukoo yenu!"

"Haiko mwiko, mama. Iko mwili yake tu."

Alisema wazi hivyo. Kila mtu alisikia, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajua! Wazee wetu si ndivyo walivyotufundisha? Kila ukoo na nyama yake isiyoliwa, na ukiila utavimba. Bibi yangu aliniambia hivyo, na tangu nimeokoka nimeila nyama ile mara nyingi, sijatoka hata kipele kimoja. Basi nikaamua kwamba mtoto huyu amefungwa na mababu, na Mungu amenituma mimi nimfungue. Nilifunga kula siku tatu kwa ajili yake. Nilifunga, ndugu zangu! Nilijiandaa kwa kosa lile kwa maombi na machozi.

Noeli iliyofuata, watoto walipomaliza kuimba, Mama Riziki alitoka kuchota maji ya kunywa. Riziki alibaki kwenye benchi na gauni lake la njano. Nikaenda na tonge.

"Mama anakatazaka," akaniambia, kwa adabu, akiwa ameinama.

Nikamwambia Yesu hakatazi. Nikamega kipande, nikasema, "Kwa jina la Yesu," nikamtia kinywani kwa vidole vyangu hivi. Akatafuna. Akacheka kidogo kwa utamu. Nami nikageuka kuwaita akina mama waje waone ushindi!

Nilipomrudia alikuwa anajikuna shingo. Midomo ilikuwa imeshaanza kuvimba. Macho yakavimba mpaka yakafumba. Akakohoa, na kila akivuta pumzi ilipiga mluzi. Na mimi je? Mimi nilipiga kelele, "Pepo ya ukoo inatoka! Tuombe!" Akina mama wakaja mbio, wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakapiga makofi. Tulimzibia hata hewa ile kidogo iliyokuwa imebaki. Mtoto akalegea mikononi mwangu nikiwa nasema haleluya.

Mama yake akaingia. Aliuliza neno moja tu.

"Nani alimupa karanga?"

Sukari bado ilikuwa kwenye vidole vyangu. Alitupasua kama mtu anayepita kwenye majani, akambeba mtoto wake, akakimbia barabarani. Kijana wa moto, pikipiki ya abiria, akasimama. Nami nikapanda nyuma yao bila kuulizwa, kitambaa cha kichwa kikaanguka njiani sikukiokota.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta muganga wa zamu, Papa Asumani, Mwislamu, anayewafanyia wenzake kazi siku za Noeli ili wakasherehekee. Alimtazama mtoto mara moja tu, akamchoma sindano pajani. Halafu akauliza, "Alikula nini?" Nilitaka kusema sijui. Nawaambia kweli, neno "sijui" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi! Lakini nilimwona yule mama, ameshika mguu wa binti yake kwa mikono miwili kana kwamba atachukuliwa. Mungu akanifungua pale.

"Karanga," nikasema. "Ni mie nilimupa."

Pumzi ilirudi polepole. Tulikaa tukiisikiliza. Papa Asumani akafuta jasho, akaniambia, "Mama, shukuru Mungu. Hii dawa, juma ilipita hatukukuwa nayo."

Mnasikia? Juma moja tu! Ningekuwa nimemuua mtoto wa mwenzangu siku ya kuzaliwa kwa Bwana, tena nikiomba. Mama Riziki aligeuka, akasema, "Mama, nilikuambia."

Baadaye nilikwenda kwake kuomba msamaha. Alinipa kigoda, hakunipa maji. Nikamwahidi kwamba Noeli ijayo nitamtwangia Riziki vitu vyake vya pembeni, ndizi labda, bila karanga.

"Utatwangia mu kinu gani?"

Ni kinu kilekile cha karanga.

"Na atakula peke yake, benzake banamuangalia?"

Sikuwa nimefikiria hayo hata kidogo. Nilijiita mama wa watoto wote, na sikuwahi kufikiria mtoto anayekaa na kiazi chake huku wenzake wanalamba vidole. Tulizungumza siku ile mpaka kivuli kikahama. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikiwauliza wazazi chakula gani kinawakataa watoto wao. Nikashtuka tena! Kuna mmoja mayai yanamtapisha, na mimi miaka yote nilimgombeza kwamba anapoteza maandazi yangu. Mama yake aliniogopa, hakuthubutu kusema.

Noeli hii iliyopita hakuna karanga iliyoingia humu. Watoto wote walipata kitu kimoja: miwa iliyokatwa kwa visu vilivyooshwa, papai, na kila mtoto na puto lake. Wapo walionung'unika kwamba hii ni Noeli gani. Siwalaumu. Mwaka juzi mimi ndiye ningepiga kelele kuliko wote.

Nilimpelekea Riziki kipande cha muwa mwenyewe. Akaniangalia, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Kanisa zima liliona. Akaenda kuchukua kwa mama yake, akala, kisha akalipuliza puto lake mpaka likapasuka, akacheka sana. Ndugu zangu, mtoto yule hapokei kitu mkononi mwangu mpaka leo, na huenda hatapokea kamwe. Inaniuma. Lakini namshukuru Mungu kila siku kwamba yuko hai wa kunikatalia!

Mtumainini Bwana aliyenitoa katika damu ya mtoto. Msiogope kumwambia kosa lenu, analijua. Na kama humu yuko mama ambaye kuna chakula kinamkataa mtoto wake, asimame sasa, aseme ni kipi. Sitamuuliza mara ya pili. Nakaa chini, nanyamaza, namsikiliza.