Mama Povu na Dumu la Maji ya Majivu

Marehemu, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Mama Povu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa nne wa mkulima na mkunga.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka 1988. Huko aliwahi kubana ua jekundu ndani ya daftari, likamwagikiwa maji ya sabuni, likageuka kijani. Tangu hapo hakuacha kuuliza mimea imeficha nini.

Mwaka 1995 alianza kupika sabuni. Alichoma maganda makavu ya ndizi, akachuja majivu yake kwa maji, kisha akayachemsha na mafuta ya nazi. Makali ya maji hayo aliyapima kwa tone la choya, yale maji mekundu ya maua ya rozela. Ndimu huizidishia choya wekundu. Majivu huigeuza kijani.

Tarehe 14 Desemba 1996 aliolewa na fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Juni 2005, saa nne asubuhi, binti yao wa mwisho, wa miaka minne, alichota kikombe kwenye dumu lililokuwa juu ya benchi, mahali pa maji ya kunywa. Akapiga yowe. Walipofika zahanati mate yalikuwa yakimtiririka, hawezi kumeza.

"Mtapisheni mtoto! Mnangoja nini?" bibi yake alilia.

"Amekunywa nini?" tabibu akauliza.

Hakuna aliyejua. Marehemu alikuwa ametoka nyumbani mbio na kikombe kile na kichupa cha choya. Akadondosha tone kwenye masalia. Kijani.

"Usimtapishe, daktari! Ni maji ya majivu. Yameunguza yakishuka, yataunguza yakipanda."

Mtoto alilazwa siku ishirini na moja, akapona. Lakini mama mkwe alisema mbele ya majirani, "Mwanamke gani huyu, anaweka sumu mahali pa maji?" Marehemu hakujibu. Mumewe aliinama, akakaza nati zilizokwisha kukazwa.

Februari mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 18 Agosti, wodini, mumewe alimshika mkono.

"Mama watoto, lile dumu nilihamisha mimi. Nilikuwa natafuta nafasi ya baiskeli ya mteja."

"Nilijua siku ileile. Kishikio chake kilijaa grisi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja, baba. Wewe hata chafya unaichelewesha." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kamwambie mama. Na usinong'one."

Alifariki tarehe 21 Agosti, saa saba mchana.

Ameacha mume, watoto watatu, akiwemo binti yule ambaye leo amebeba picha yake, wajukuu wawili, na mama mkwe, aliyeketi mstari wa mbele. Mama, mkwe wako hakukosea. Dumu lile lilihamishwa na mwanao, huyu anayesoma karatasi hii.

Apumzike kwa amani. Mzigo aliombebea mwenzake umetuliwa.