Elfu Moja na Tisa

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya mwalimu wa halaiki, filimbi shingoni. Alikuwa akimlalamikia mama mmoja aliyekuwa akisahihisha madaftari ya hesabu. Jana alikutanisha watoto wa shule zote kwa mara ya kwanza, na leo lazima wasimame mstatili kamili mbele ya wageni, lakini kila akiwapanga wanabaki wa ziada.

"Wako wangapi?" mama akauliza.

"Elfu moja na tisa. Nimejaribu safu za saba, za kumi na tatu, hadi kichwa kinauma."

Mama akagawanya pembeni mwa daftari la mtoto wa watu, kisha akaweka kalamu chini. "Kaka, hiyo namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Watoto zaidi ya elfu, halafu unawaita tasa?" Macho yalimtoka pima. "Yaani hata nikiwapanga mpaka kiama?"

"Mpaka kiama. Labda mstari mmoja, mkia utokee barabarani. Wangekuwa elfu moja na nane, ungepata safu ishirini na nane za watoto thelathini na sita, safi kabisa."

Mwenye filimbi aliganda. "Walikuwa elfu moja na nane. Juzi dada yangu akanililia nimwingize bintiye. Nikasema, mtoto mmoja atadhuru nini?"

"Basi mtoe."

"Mtoe wewe!"

Simu yake ikaita. Sauti nyembamba ikasikika behewa zima: "Mjomba! Nguo imenikaa!"

Treni ikasimama kituo cha uwanjani. Hakuinuka.