Kopo ya Mama Zaina na kamera ya avenue yetu

Asifiwe Bwana mwenye ametufikisha hapa sisi wote, hata na matope hii ya leo. Ndugu zangu wa shirika hii ya sala, munanijua. Mimi ni Kambale, muzaliwa wa Alimbongo, bwana ya Masika. Hapa Kimemi munaniitaka Papa Kamera, na kuna wale wananiita hivyo nikiwa nimepita. Munafikiri sisikiaka? Nasikiaka.

Leo nasimama kushuhudia namna Mungu aliniokoa. Hakuniokoa na ugonjwa wala na vita. Aliniokoa na macho yangu mwenyewe.

Wakati wafanyabiashara wa avenue yetu walikubaliana kuweka kamera ine ku miti ya stima, juu ya wezi wenye walikuwa wanavunja madepo, walitafuta mutu wa kukaa muchana mbele ya kioo ya kamera na kuangalia. Walinichagua mimi sababu sinywi pombe. Nilifurahi sana, ndugu zangu. Nilipewa kiti, nilipewa kachumba na ufunguo. Kisha wiki mbili, wezi walipunguka, na mimi kichwa kikaanza kuvimba.

Nilijua nani anachelewa kufungua butiki. Nilijua nani anatoka misa mbele ya baraka, na Mama Kahindo anacheka pale sababu anajua namusema yeye. Hata sala yangu iliharibika. Nilikuwa napiga magoti na kumuelezea Mungu mambo ya jirani moja moja, kama mutu wa kuleta raporti kwa shefu yake. Nilifikiri tunafanya kazi moja, mimi na Yeye.

Sasa, munajua mimi na Masika tulikuwa na myaka kenda ya ndoa bila mutoto. Sitawaficha kitu. Mutu akikosa mutoto, masikio yake inafunguka kwa kila neno. Huyu anakuambia kuna mwenye alifunga tumbo ya bibi yako. Yule anakuambia uangalie wale wenye anakula kwao. Na mutu mwenye kutafuta adui, jirani yake njo anapatikana wa kwanza. Mimi nilimupata Mama Zaina.

Mama Zaina munamujua vilevile. Ni ule mujane Muislamu wa nyumba ya mulango ya kijani, hapa ngambo ya barabara. Bwana yake alikuwa anaendesha magari ya mizigo kutoka Beni. Kisha kifo yake, yule mama akahamia huku kwa binti yake. Alimupenda Masika tangu siku ya kwanza. Alikuwa anamuita “mutoto yangu”, anamutumia vitumbua, anamusuka nywele. Mimi nilianza kujiuliza: anamupendea nini hivi? Tazameni ujinga, ndugu zangu. Mutu anapendwa, na bwana yake anauliza sababu.

Basi, ilikuwa siku ya soko, saa ine ya asubuhi. Niko mbele ya kioo. Namuona Masika anarudi na kitunga ya mboga ya lengalenga. Mama Zaina anamuita kwa mukono, anamukalisha ku mulango, anafungua termosi, anamimina bushera, ule uji wetu wa mutama, mu kopo. Halafu anamupatia.

Munajua desturi yetu. Mwenye kutoa kinywaji anaonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hata muzazi wako anaonja. Mama Zaina yeye hakuonja. Nilimuangalia kinywa, ilibaki imefungwa. Masika akanywa nusu, akarudisha kopo, akashukuru, akaondoka. Hatua makumi mbili hivi, namuona anashika ukuta, anatapika, anaanguka chini.

Ndugu zangu, sijui hata namna gani nilifika inje. Najua tu neno lenye lilitoka mu kinywa yangu. Nilisema: “Karuho.”

Ile neno, hapa kwetu, hapana mutu anangojaka maelezo yake. Sumu yenye inaua polepole, kila mutu ana ndugu mwenye wanasema ilimumaliza. Avenue ikajaa. Wengine wakauliza: “Uko na hakika?” Na mimi nikajibu: “Kamera imeona.” Angalia ile jibu. Kama ningesema mimi Kambale nimeona, pengine wangebisha. Lakini kamera, nani atabisha na kamera? Batu wakaanza kuinama kuokota mawe.

Mama Zaina alisimama ku mulango yake, kopo ingali mu mukono, na bushera nusu ndani. Hakukimbia. Nilimupigia kelele mbele ya wote: “Kama si sumu, kunywa yenye imebaki!”

Akaniangalia, akasema polepole: “Papa Kambale, nimefunga.”

Batu wakacheka, na ile kucheka ilikuwa mbaya. Mumoja akasema Ramazani iliisha zamani, huyu anatuona sisi batoto. Mama Zaina akasema: “Nalipa siku zangu. Ule mwezi nililala ku hospitali, sikufunga siku kumi na moja. Hii ni ya tano.”

“Nani anajua kama umefunga?” nikamuuliza.

“Mungu anajua,” akasema. “Hata binti yangu sikumuambia.”

Ndugu zangu, mimi ni mukatoliki tangu tumbo ya mama. Kila mwanzo wa Kwaresima, padiri anatufundisha tufunge kwa siri, tunawe uso, mutu asijue, sababu Baba yetu anaona mu siri. Myaka makumi ine nasikia hiyo, na majivu ku kichwa. Siku nilikutana na mutu mwenye anaifanya, nilitaka kumuua.

Jiwe la kwanza likapiga mulango. Mama Zaina akaangalia kopo, akaniangalia tena, macho ikajaa maji. Akasema: “Kama hiyo njo itawatuliza, basi.” Akainua kopo.

Hapo Masika akapita katikati ya batu. Kitenge yake imejaa matope, anashikilia ukuta kama mulevi. Alichukua kopo mu mukono ya yule mama mbele haijafika ku midomo. Akainywa yeye, yote, mbele yetu. Akaigeuza chini juu, tuone imeisha.

Akasema: “Mama hatavunja mufungo wake juu ya bwana yangu.”

Kisha akanigeukia. Munajua bibi yangu hapana mutu wa maneno mingi. “Kambale,” akasema, “niko na mimba. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika, nilingoja nikuambie. Mama njo aliona wa kwanza. Hii bushera alinipikia na tangawizi, juu ya kutapika. Nilitapika yake, nilitapika chai ya asubuhi, nilitapika hata maji. Utashitaki maji?”

Nilisikia mawe inaanguka chini, moja hapa, moja kule, na batu wanaondoka bila kuagana. Nilibaki na furaha yenye niliomba myaka kenda, na haya yenye sikuomba, vyote viwili mu kifua kimoja. Nililia pale barabarani kama mutoto. Masika aliniacha nilie. Alikuwa na haki.

Nilirudi mu kachumba, nikarudisha film nyuma. Nilitafuta mwenye makosa, maana njo ilikuwa kazi yangu. Nikaona muanaume amenyoosha mukono juu ya mujane, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama. Sikumupenda ule mutu hata kidogo. Alikuwa amevaa shati yangu. Hapo njo nilimuambia Mungu kwa mara ya kwanza jambo la mimi mwenyewe: Bwana, Wewe uliona mufungo wake, uliona mutoto yangu mbele sijajua, na uliona moyo wangu. Mimi niliona kopo tu. Nitoe mu hii kiti.

Magaribi nilienda kwa Mama Zaina. Aliniacha ku mulango mpaka adhana, akafungulia maji na tende yake, taratibu, kama hapana mutu. Ndipo akaniita. Nilipiga magoti. Akasema: “Simama, utachafua mukeka. Nimekusamehe leo. Kesho rudi, pengine asira itakuwa imenirudilia.”

Nilirudi kesho yake. Nilirudi siku sita, mpaka alimaliza deni yake ya mufungo. Siku ya sita akasema: “Sasa Kambale unanichokesha. Imeisha. Kaa ukule.” Nilikula, na machozi ikaingia mu sahani, akanicheka. Aki ya Mungu, ule mama ananicheka mpaka leo.

Sisemi kamera ni mubaya. Wezi waliisha, na kijana mwenye alichukua kiti yangu anafanya kazi vizuri. Lakini kamera inaona mukono. Sababu yenye iko mu moyo ya mwenye mukono, inaionea wapi?

Sasa ndugu zangu, nafika mwisho, na hapa musiniogope. Kisha ile siku, wamoja kati yenu walinijia mumoja mumoja, kwa sauti ya chini: “Papa, ile film, ufute.” Walijua sura zao ziko ndani, na mawe mu mikono. Sitataja jina. Ile mashine inajifutaka yenyewe kisha siku makumi tatu, na sasa imepita miezi mitano. Munamuona Masika, tumbo yake iko mbele yenu. Film hakuna tena, mulale usingizi.

Lakini Mwenye kuona mu siri hafutaka kwa sababu siku zimepita. Anafutaka akiombwa. Na hakuna hofu hapo, ndugu zangu, naapa. Mimi alinifutia, na nilikuwa mukubwa wa kosa. Macho yake si ya polisi. Ni ya mama mwenye anaangalia mutoto anajifunza kutembea. Mumuamini.

Mama Zaina amekaa ku mulango yake sasa hivi. Nilimuomba ruhusa ya kusema jina lake mbele yenu, akakubali. Anatusikia. Katika miezi hii mitano, batu watatu tu walienda kumuomba pardon, na mumoja ni mimi. Wengine wanapita wanaangalia chini, na yeye anawasalimia kwa jina, kila asubuhi.

Basi wimbo wa mwisho tutauimba ngambo. Musimame. Kutoka hapa mpaka ule mulango ni hatua makumi mbili, na hapana hata mumoja wetu hapa mwenye hajui njia. Masika, nipe mukono. Mimi natangulia.