Mkuu wa Kitivo Alipopiga Hodi Tanga

Ndugu zangu wa Ijumaa, wa Bwana asifiwe na wa asalaam aleikum, nimewasalimu nyote. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Ufupi mimi sina, mnanijua, lakini nitajaribu. Na nyie mliokaa chini ya kiyoyozi, msisinzie.

Nilikuja Doha kufanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya West Bay. Nilisimama mpaka visigino vikapasuka. Baadaye Mungu akanikumbuka, nikapata kazi ya ofisini katika chuo kikuu. Nikamleta binti yangu, tukapanga chumba hapa Al Mansoura, akaanza shule.

Chuo kilitaka kufungua shahada ya uzamili ya sera za umma, shahada ya kimataifa, wanafunzi watoke kila nchi. Kazi yangu ilikuwa kusaidia kumtafuta profesa wa kuiongoza. Na mkataba wangu ulifungwa kwenye shahada hiyo hiyo. Ikifunguliwa, nabaki. Isipofunguliwa, kibali kinafutwa, mimi na mtoto tunarudi nyumbani mikono mitupu. Nyie mnajua, kafili aliyekudhamini kibali akisema basi, ni basi.

Wa kwanza alikuwa Mzungu. Tulimwalika aje kutuona, na wakubwa, sijui nani aliwashauri, wakachagua mwezi wa Agosti. Alishuka kwenye gari, joto likamkaba, akarudi ndani ya gari. Msicheke jamani, mimi nililia.

Kamati ikampata mwingine, mama mmoja profesa, mtu wa Tanga kama mimi. Siku ya usaili, kwa video, alizungumza juu ya bajeti za serikali na maji ya vijijini mpaka mkuu wetu wa kitivo, Mwarabu mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akasema, huyu huyu. Tukampelekea mkataba. Akajibu kwamba anashukuru, atatuambia. Kisha kimya. Nikaandika, kimya. Nikaandika tena, nikamweleza nyumba atakayopewa na tiketi. Kimya.

Chuo kikasema asipopatikana kabla ya muhula, shahada inasimamishwa. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Chakula kilinishinda. Binti ananiuliza, "Mama, mwakani nitasoma hapa hapa?" namwambia aende akaoge. Nikaacha kuja hapa kwenu. Simu zenu niliziona zote. Nilikuwa naigeuza simu kifudifudi. Niliona aibu kuwa mtu wa ofisini anayekaribia kufungasha.

Ijumaa moja mchana nasikia mlango unagongwa. Ni dada yetu mmoja Mkenya, anayetandika vitanda hotelini. Yupo hapa, simtaji, lakini mtamjua maana anajitazama kucha.

"Fungua bana! Najua uko ndani, viatu zako naziona hapa nje!"

Nikafungua. Alikuwa na wenzake wawili na sufuria ya wali wa samaki. Nikawaambia wangenitumia ujumbe kwanza, nyumba chafu. Akasema, "Meseji tumetuma mpaka tukachoka. Ungejibu?"

Nisingejibu. Nilikula siku ile huku machozi yanaingia kwenye wali. Wao wakafagia, wakamsuka mtoto nywele, wakaondoka. Nikabaki naosha sufuria yao, na nikiwa pale kwenye sinki nikawaza, na mimi huyu profesa namfanyia nini kama si kumrundikia ujumbe?

Nikampigia. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi. "Mkataba wenu mzuri. Mama ndiye aliyekataa. Anasema, hao wanaotaka kunichukulia mwanangu, mbona hata hodi hawajapiga? Nami bila radhi yake siondoki."

Nawaambia, nilikaa chini. Sisi hata ukienda kuazima kinu kwa jirani, unapiga hodi. Mtu anaweza kuwa profesa, ana wajukuu, bado ni mtoto wa mtu. Mimi niliyezaliwa Tanga nilikuwa nimekalia kiti cha kuzunguka cha ofisini mpaka hayo yakanitoka akilini!

Nikamwendea mkuu wa kitivo, nikamweleza. Nilidhani atanifukuza. Akacheka kidogo, akasema, "Mama yangu naye yuko hivyo hivyo." Akaniuliza anatakiwa kusema nini. Nikamfundisha neno moja.

Tukampigia mama yake Profesa kule Tanga, tukaweka simu katikati ya meza. Mtu mzima na suti yake akaiinamia, akasema, "Hodi."

Upande wa pili kukawa na jogoo tu.

"Hodi," akarudia.

"Nani?" Sauti ya bibi, kavu.

Akajieleza, mimi natafsiri. Akasema amekuja kumwomba mwanawe. Bibi hakuuliza nyumba wala tiketi. Aliuliza, "Nikiugua, utamwachia aje?" Mkuu akajibu hapo hapo kwamba atamwachia, na kwamba ataliandika kwenye mkataba kabla jua halijatua. Nikamtafsiria.

"Haya, karibu," akasema bibi. "Lakini nimekuazima. Sijakupa."

Profesa akaja, shahada ikafunguliwa, binti yangu akaendelea na shule yake hapa hapa. Na mwaka bibi alipougua, mkuu hakusubiri kuombwa. Alimwambia profesa nenda, mitihani tutaisimamia sisi. Bibi alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Mungu amrehemu.

Nawashukuru nyie mliokuja na sufuria. Namshukuru mkuu yule ambaye hakuona aibu kuinamia simu. Fundisho langu ni dogo: mtu akikaa kimya, usihesabu kwamba amekataa. Nenda kapige hodi.

Kuna mwenzetu alihamia Al Wakrah, mnamjua, na ni muda sasa hatumwoni hapa. Kila mtu ananiambia amemtumia ujumbe. Mimi nimepika, sufuria iko pale mlangoni. Nani ana gari twende?