Placidi Ndunguru, Mlinzi wa Panya wa Mahuka

Marehemu Placidi Izidori Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kitongoji cha Mahuka, Mbinga, mtoto wa kwanza wa Mzee Izidori na Mama Kunigunda. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Baba yake alikuwa ameshafariki, hivyo alibaki nyumbani kulima kahawa na kumlea mdogo wake, Adrian.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na Lusia, binti wa wavuvi wa Lundo. Siku ya kwanza ukweni, Lusia aliandaliwa panya wa kubanika. Akamgeuzageuza, akauliza kwa adabu, "Mama, huyu magamba yake mmeyaparia wapi?" Marehemu alikicheka kisa hicho hadi uzeeni.

Kwa kutega, hakuna aliyemfikia. Ndiyo maana watafiti waliofika mwaka 2003 walimchukua awaongoze msituni. Huko walinasa panya mdogo wa kahawia, manyoya laini, wakamweleza kwamba hapatikani nchi nyingine yoyote, na hata hapa nchini amebaki kwenye misitu michache. Tangu siku hiyo Placidi hakutega tena panya wa kula. Aliulinda msitu miaka kumi na sita, bila kuajiriwa na mtu. Sisi wanakijiji tukamwita Bwana Panya.

Oktoba 2019 Adrian alitaka kuchoma kipande cha msitu ili apanue shamba. Placidi alimfuata, akamsihi, "Mdogo wangu, usichome. Huyu mnyama hana kwao kwingine."

"Kaka, panya ni mboga," Adrian alijibu. "Wanangu je, wana kwao kwingine?"

Akawasha. Upepo ukaubeba moto hadi kileleni. Placidi aliingia na matawi mabichi kuuzima, peke yake. Sisi tulisimama barabarani tukitazama. Alitolewa hajitambui.

Kifua chake hakikupona tena. Kila alipopata nafuu alipanda kutega kwenye yale majivu, amwone tu yule panya kisha amwachie. Aliambulia panya wa nyumbani tu. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2024, na Adrian hakuwahi kwenda kumjulia hali.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na mdogo wake, ambaye leo tuko naye hapa. Wiki ya mwisho ya marehemu, binti yake Bonifasia, anayewasomea wasifu huu, alimwuliza kama amemsamehe baba mdogo.

"Mimi nimemsamehe," alisema. "Wale panya sijui."

Mungu ampe Placidi pumziko tulilomnyima sisi.